Mshale Kwenye Kumi na Nne

Jumamosi ile, saa kumi na mbili kasoro, Niyubahwe alisimama uani kwa mzee Pasikali na mita yake ya umeme mkononi, na kwa hasira hata salamu hakutoa.

Alikuja kwa kazi ndogo tu. Kuangalia chaji ya gari. Ndiyo kazi anayoifanya kila siku ya Mungu pale Kibondo mjini, tangu alipojifunza akiwa kijana kwenye banda la kuchaji betri za redio katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, kabla kambi haijafungwa. Ukimletea betri, kwanza anainusa. Ikinuka yai viza, anajua inachemshwa na chaji iliyozidi. Lakini jioni ile hakuja kutengeneza gari la mtu. Alikuja kumwokoa mama yake.

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa, kijiji cha Kitahana kilikuwa kinakutana kumjadili mama huyo, mama Esteri. Kumjadili! Neno la kistaarabu hilo. Watu walikwishakubaliana kabla hawajakaa. Mama Esteri ni mchawi, afungashe virago arudi kwao Burundi. Kwao wapi? Alivuka mpaka mwaka sabini na mbili akiwa msichana wa miaka kumi. Kitahana ndiko alikolima, alikoolewa, alikozaa na alikomzika mumewe, na karatasi yake ya uraia anaiweka ndani ya Biblia. Alhamisi alfajiri aliamka akakuta mtu amemwaga mafuta ya taa mlangoni pake. Hakuwasha kiberiti. Alimwaga tu, ili mama ajue.

Na yote hayo kisa ni Landrova ya Pasikali.

Januari gari lile lilizimika njiani mama Esteri akiwa ndani, anatoka sokoni Kasulu na gunia lake la dagaa. Watu walicheka, wakasukuma, yakaisha. Machi likazimika tena, na safari hiyo hakuna aliyecheka. Irakoze, mjukuu wa Pasikali, mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili, alikuwa anakimbizwa hospitali Kasulu, homa imepanda, macho yamegeuka. Claudine, mama yake, alikuwa hoi kwa kulia. Mama Esteri, jirani aliyemwogesha mtoto yule tangu siku aliyozaliwa, ndiye aliyempakata kwenye kiti cha mbele. Walipofika bonde la Nyakirehe gari likazima. Taa, injini, kila kitu, kimya. Walisota pale saa mbili nzima, na mtoto akafia mapajani mwa mama Esteri.

"Kila akipanda yeye, mshale wa betri unashuka!" Pasikali aliwatangazia watu msibani, kaburi bado bichi. "Nimeuona kwa macho yangu haya. Yule mama anakula umeme. Alipomaliza umeme, akamla mjukuu wangu."

Na watu wakaamini. Watu wazima, wenye watoto waliomaliza shule, wakaamini kwamba mtu anakula umeme!

Ndipo Niyubahwe akamwendea mtendaji wa kijiji, Nurudini, mtu wa Tanga aliyehamishiwa huku mwaka uliopita. Akamwambia, tupande wote gari lile, mama akae kiti kilekile, na mimi nikuonyeshe linakufa kwa nini. Pasikali alipoulizwa alikubali haraka, ila alitoa sharti moja. Fundi asiguse kitu chochote mpaka gari lizime lenyewe.

"Liwashe basi, mzee," Niyubahwe alisema.

Pasikali akawasha. Injini ikashika.

"Mtendaji, sogea uone. Huu mshale hapa kwenye dashibodi si kama wa mafuta. Hauhesabu betri imebaki kiasi gani. Unapima nguvu ya umeme. Gari likiwa limezimwa, betri nzima inasoma kumi na mbili na nusu. Injini ikiwaka, dainamo inaanza kuilisha betri, na mshale unapanda mpaka kumi na nne, unatulia hapo. Sasa soma mwenyewe."

Nurudini akashusha miwani puani. "Kumi na mbili... hapana. Chini ya kumi na mbili kidogo."

"Injini inanguruma na mshale uko chini ya kumi na mbili! Dainamo imekufa. Gari linaishi kwa chakula cha jana. Washa taa, mzee."

Taa zikawaka, na mshale ukateremka hadi kumi na moja na nusu.

"Umeona? Na mama yangu yuko wapi?"

Mama Esteri alikuwa bado getini, kitenge begani, anasubiri kuitwa. Hakuwa amekanyaga hata ua.

"Anaweza kula akiwa mbali," Pasikali akasema. "Kwa macho."

Niyubahwe alicheka kicheko kibaya. Akamgeukia mtendaji. "Muulize betri hii inalala wapi. Kila jioni anaibeba mpaka kwa wachaji, kila asubuhi anaifunga. Tangu Machi! Mwenye gari zima angefanya hivyo?"

"Naibeba kwa sababu yake yeye," Pasikali akajibu, akinyoosha kidole getini.

"Yaishe," Nurudini akasema. "Mama, karibu upande. Twendeni kabla giza halijashika."

"Ngojeni kidogo," Pasikali akasema.

Akafungua mlango wa abiria, akainua kiti cha mbele. Kwenye Landrova za aina ile betri inakaa chini ya kiti hicho. Aliwapa mgongo, spana mkononi, akahangaika humo kitambo. "Nakaza tu," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. Kisha akarudisha kiti, na mama Esteri akakaa juu yake, mikono mapajani.

Wakatoka.

Jua lilikuwa limezama nyuma ya vilima, na ukungu ulishaanza kujikusanya kwenye migomba. Pasikali aliendesha ameng'ang'ania usukani. Nurudini na Niyubahwe walikaa nyuma, na Niyubahwe alinyoosha shingo katikati ya viti viwili, macho kwenye mshale.

Kumi na moja na nusu. Kumi na moja.

Halafu ukaruka.

Ulipiga chini kabisa, ukarudi. Taa zikafifia, zikarudi. Niyubahwe akakunja uso. Betri iliyokwisha haichezi namna ile, inashuka polepole. Hii inaruka. Kuna mahali kibano cha waya wa betri hakishiki, akajiambia. Kuna kitu katikati...

"Punguza mwendo," alisema. "Mzee, hapo chini kuna nini? Umefunga nini?"

Pasikali alikaza macho barabarani. Walikuwa wanateremka bonde la Nyakirehe.

Mshale ukaruka tena. Ukalala.

Gari likazima.

Pampu ya gari lile hairuhusu dizeli kupita bila umeme, kwa hiyo injini ilikata hapohapo, na wakaserereka kwenye giza mpaka wakasimama karibu na daraja dogo. Kimya. Hata vyura wa bondeni walinyamaza.

"Si niliwaambia?" Pasikali alinong'ona. Sauti ilikuwa na furaha, Mungu amsamehe. "Mtendaji, umeona. Palepale. Andika."

"Nipe ufunguo," Niyubahwe akasema.

"Andika, mtendaji!"

"NIPE UFUNGUO!"

Aliuchomoa mwenyewe, akautia mfukoni. Mama Esteri alishuka, akasimama pembeni ya barabara. Nurudini akawasha tochi ya simu. Niyubahwe akainua kiti, akainamisha pua kama kawaida yake, akitegemea ile harufu anayoijua tangu Mtabila.

Hakuikuta. Alinusa maziwa. Maziwa ya mama, yaliyochacha kidogo shingoni mwa mtoto. Na mafuta ya mtoto, yale ya kupaka baada ya kuoga.

Aliinua kichwa haraka. Akamtazama Nurudini, na Nurudini alikuwa amefunika pua kwa kiganja.

Akashika kibano cha waya wa hasi. Kilikuwa kinacheza. Akakilegeza kwa spana, akakichomoa, akachomoa na cha chanya, akaibeba betri nzima akaiweka chini kwenye changarawe. Ndani ya kibano, palipotakiwa kugusana madini ya risasi kwa risasi, palikuwa na kipande cha ngozi ya mbuzi, kimekunjwa na kushonwa kwa uzi mwekundu. Hirizi.

"Mtendaji, leta mwanga hapa. Ona. Hii ndiyo inayokula umeme! Ngozi! Umeme haupiti kwenye ngozi. Gari likirukaruka barabarani, kibano kinaachia, na dainamo iliyotengwa na betri ghafla inaungua. Aliiua mwenyewe siku ya kwanza aliyoiweka." Akamgeukia Pasikali. "Unaifunga akipanda mama yangu tu, si ndiyo? Ndiyo maana linazima akiwamo yeye tu!"

"Ni kinga," Pasikali alisema. "Januari lilipozima nilikwenda kwa mtaalamu. Alisema kuna mtu anaonja gari langu. Alisema niifunge penye moyo wa gari."

"Januari fenibelti ililegea! Fundi wa Kasulu aliukaza huo mkanda, gari likaenda! Mpumbavu wewe!"

Alitoa kisu kidogo, akaukata ule uzi. Pasikali alipiga ukelele, akarukia mkono wake, Nurudini akamzuia. Ngozi ikafunguka.

Ndani palikuwa na kibanio kidogo cha plastiki, cheupe, kile wanachofunga wakunga hospitali. Kilikuwa kimeshika kitu cheusi kilichokauka, chenye urefu wa kidole cha mwisho. Kimezungushiwa uzi wa buluu.

Mama Esteri alisogea. Akakitazama kwa muda mrefu.

"Uzi huo ni wa kwangu," alisema. "Niliufunga mimi kilipodondoka. Claudine alikiweka sandukuni." Akainua macho. "Ni kitovu cha Irakoze."

Niyubahwe aliilaza ile ngozi polepole kwenye changarawe.

"Alitaka kitu cha damu ya nyumba yangu," Pasikali akasema, na sasa sauti ilimkatika. "Nilitaka kuwalinda... Nilidhani nawalinda..."

Niyubahwe alimkamata kola. Alimbamiza kwenye bodi ya gari, mara moja, mara mbili. "Mtoto anakufa kwa homa, na wewe unafunga uganga kwenye betri! Kisha unamwita mama yangu mchawi! Mlangoni kwake pamemwagwa mafuta ya taa! Wangemchoma, unasikia? Wangemchoma ndani ya nyumba, na wewe ungekaa kimya!"

"Muache," mama Esteri akasema.

"Simuachi!"

"Muache, mwana wanje, mwanangu. Nina neno naye." Akamkaribia Pasikali. Hakupaza sauti. "Mzee, nilimpakata mjukuu wako mpaka akapoa mikononi mwangu. Na chini yangu ulikuwa umefunga kitovu chake. Ukanisimamisha mbele ya jeneza, watu wakanitemea mate. Mimi! Niliyemwogesha!"

Ti...

Wote wanne waligeuka.

Ti... ti...

Mlio ulitoka kwenye dashibodi. Kile kitaa kidogo kilicho nyuma ya mshale wa betri kilikuwa kinawaka. Niyubahwe alipapasa mfuko wake. Ufunguo ulikuwemo. Alitazama chini. Betri ilikuwa kwenye changarawe, miguuni pake, waya zote zinaning'inia hewani.

Mshale ulianza kupanda.

Nane. Kumi. Kumi na mbili...

Ukashuka. Ukapanda tena. Ukashuka. Haraka haraka, kama kifua cha mtoto mwenye homa.

Na taa za mbele zikawa zinafuata mshale, zikijaa na kufifia, zikilimulika daraja na kuliacha.

Kisha wakasikia kilio.

Hakikutoka porini. Kilitoka chini ya kiti. Kilikuwa kidogo, kimechoka, cha mtoto aliyelia mpaka sauti ikaisha.

Nurudini alidondosha simu, akaanza kusoma dua kwa haraka, maneno yanagongana. Pasikali alikaa chini barabarani kama gunia. Na Niyubahwe, fundi wa umeme miaka ishirini, alinyanyua mita yake, akagusisha waya zake mbili kwenye vibano vile vinavyoning'inia. Hakujua la kufanya jingine. Mita ikasoma kumi na moja, kumi na tatu, kumi, kumi na tatu.

Mama Esteri akanyoosha mkono. Akakichukua kitovu kutoka kwenye ngozi, akakiviringisha kwenye kitenge chake, akapanda, akakaa kiti cha mbele juu ya kile kishimo kitupu cha betri.

"Hora," alinong'ona neno la Kirundi la kumbembeleza mtoto, akitikisa mapaja. "Hora, mwana. Hora..."

Kilio kikapungua. Kikawa kikwikwi. Kikanyamaza.

Mshale ukapanda taratibu mpaka kumi na nne. Ukatulia.

"Washa gari," mama akasema.

"Mama, betri iko chini."

"Naiona iko chini. Washa, tumpeleke kwa mama yake."

Likawaka kwa mguso mmoja.

Waliipakia betri nyuma, karibu na miguu ya Pasikali aliyekuwa analia bila sauti, na Niyubahwe akaendesha. Taa za Landrova ile hazijawahi kung'aa vile. Zilionyesha kila jani la mgomba, kila jiwe. Hakuthubutu kutazama kiti cha pembeni. Alitazama mshale, nao haukutikisika hata kwenye makorongo.

Claudine alikuwa mlangoni waliporudi. Mama Esteri akashuka, akamkabidhi kitenge mikononi. Claudine hakuuliza kuna nini ndani. Alikiinua usoni, akanusa.

"Kinanukia mafuta yake," alisema.

Nyuma yao taa zikazimika, na injini ikakata.

Claudine alifungua kitenge chini ya taa ya mlangoni. Aliona kibanio, aliona uzi wa buluu. Kisha akamtazama baba mkwe wake aliyekuwa anashuka kwa magoti, na hakuna aliyehitaji kumweleza.

*

Jumapili, baada ya misa, Niyubahwe alikiweka kile kipande cha ngozi mezani mbele ya kijiji kizima. Akaeleza kila kitu. Mshale, dainamo, kibano, ngozi. Alieleza kwa ukali, akiwatazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa akainamisha uso. Pasikali alisimama akakiri. Wanawake walipiga yowe. Mtendaji akaandika kwamba mama Esteri hana kosa lolote, na habari za mlangoni kwake zitapelekwa polisi.

Kisha mzee Bazilio, aliyekuwa dereva wa lori ujanani, akanyanyua mkono nyuma kule.

"Fundi, sawa, nimekuelewa. Dainamo imekufa. Betri mliichomoa, na ilikuwa imekwisha. Sasa hilo gari lilirudije?"

Vichwa viligeuka kimoja kimoja, vikamtazama mama Esteri.

Nurudini alikazia macho daftari lake, kalamu haitembei. Pasikali alifungua mdomo. Niyubahwe aliuona ule mdomo ukifunguka. Sentensi moja tu ingetosha: Mama yule alikaa juu ya shimo tupu na gari likawaka. Hapo hata Papa wa Roma asingemwokoa.

Claudine akainuka kwenye benchi la wanawake. Akaja kusimama mbele ya baba mkwe wake, karibu kabisa. Pasikali akafunga mdomo, akakaa.

"Betri ilikuwa na chaji bado," Niyubahwe akasema. "Niliirudisha nikaifunga vizuri bila ngozi. Ikatufikisha. Ni kibano tu, mzee wangu."

Bazilio akaitikia kwa kichwa polepole. Alikubali, au alijifanya amekubali. Mkutano ukaisha.

Njiani kurudi, mama Esteri alimshika mwanawe mkono. "Umewadanganya."

"Nimewadanganya," alijibu, na hasira zikampanda upya, maana hakuwahi kudanganya mtu kuhusu umeme maisha yake yote. "Na nitawadanganya tena. Washenzi hawa! Ukweli nusu ndio wanaouweza."

Sasa ile Landrova imeachwa uani kwa Pasikali, magurudumu yameishiwa upepo. Pasikali haingii humo. Betri ilishauzwa. Lakini kila jioni, kwenye saa kumi na mbili, Claudine anafungua mlango wa abiria, anakaa kiti cha mbele na kitenge mapajani. Na jioni ya kwanza alipokaa, taa za mbele ziliwaka. Watoto waliokuwa wanapita na madumu ya maji walisimama kushangaa.

Kesho yake alfajiri Niyubahwe alikuja na bisibisi. Akang'oa balbu za mbele. Akang'oa za nyuma, za pembeni, ya ndani darini, akazitia zote mfukoni. Alifanya kazi anatukana chinichini. Alipofika kwenye dashibodi, kwenye kile kitaa kidogo nyuma ya mshale wa betri, alikishika kwa vidole viwili. Kisha akakiacha, maana hakionekani kutoka barabarani, na Claudine hana kingine cha kutazama.

Mzee Bazilio bado anapita uani pale jioni jioni, anapunguza mwendo. Akimkuta Niyubahwe anamuuliza, vipi lile gari, fundi, ule mshale wake unasomaje siku hizi?

"Hausomi kitu," Niyubahwe anamjibu. "Dainamo imekufa tangu Machi."